Nusu sekunde iliyoumbua magendo ndani ya kompyuta

IJUMAA KUU ya mwaka 2024, Machi 29, ofisi nyingi za pande zote mbili za mipaka ya Busia, Malaba na Namanga zilikuwa katika mapumziko ya sikukuu, na Waislamu walikuwa wakiendelea na mfungo wa Ramadhani. Siku hiyo mhandisi wa programu aitwaye Andres Freund, mwajiriwa wa kampuni ya Microsoft, alituma ujumbe wa wazi kwa mafundi wa usalama wa kompyuta duniani kote. Ujumbe ulikuwa mrefu na wa kifundi, lakini kiini chake mfanyabiashara yeyote wa mpakani angekielewa mara moja: kuna mzigo umepita, na kilichomo ndani sicho kilichoandikwa kwenye karatasi.

Mzigo wenyewe ulikuwa programu ndogo iitwayo xz. Kazi yake ni kubana mafaili yawe madogo ili yasafirishwe kwa urahisi, jinsi mashine inavyokandamiza nguo za mitumba hadi zikawa belo moja. Watu wa kawaida hawaijui xz, ila wanaitegemea. Sehemu kubwa ya seva za intaneti huendeshwa kwa mifumo ya Linux, na katika baadhi ya mifumo hiyo, ukiwamo ule mkongwe wa Debian, programu mpya husafirishwa zikiwa zimebanwa kwa xz. Aliyeitia sumu alikuwa ameshika kamba inayofungia bidhaa za soko zima.

Ili kuelewa magendo hayo yalipitaje, ni lazima kwanza kuelewa kazi ya watu ambao majina yao hayatajwi popote: wafungashaji wa programu huria.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Mfanyabiashara hukutana nayo kila siku bila kujua. Simu ya Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Tovuti nyingi za kampuni za usafirishaji, maduka ya vipuri na mawakala wa forodha zimekaa kwenye seva za Linux. Hata fundi anayemwekea mwenye ghala programu ya bure ya kutunza hesabu za bidhaa mara nyingi huiweka juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kujengwa juu ya Debian. Jina lake halihitaji mkalimani kwa Mswahili, maana ubuntu na utu ni ndugu wa damu.

Lakini maandishi hayo, yanavyotoka kwa mwandishi wake, hayatumiki moja kwa moja. Ni kama magunia ya ngano shambani. Ni lazima mtu ayachukue, ayaunde yawe programu inayoweza kuendeshwa na kompyuta, aifungashe, aiandikie tamko, kisha aipeleke kwenye ghala ambako kompyuta za watu zitaichukua. Debian imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu mwaka 1993, na wengi wa wafungashaji wake ni watu wanaojitolea.

Tamko la kifurushi linafanana sana na karatasi za forodha. Linataja jina, namba ya toleo, aina ya mashine inayoweza kuitumia, na orodha ya programu nyingine ambazo kifurushi hicho kinazihitaji ili kifanye kazi. Mama wa Busia anayevusha bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anajua kwamba hata mzigo mdogo una karatasi yake. Programu pia iko hivyo, na karibu kila tatizo la kuunda na kusakinisha linaanzia pale karatasi na mzigo vinapotofautiana.

Mfano wa kawaida kabisa ni huu. Fundi anaunda programu, na kompyuta inamwaga mistari mia mbili ya Kiingereza, wa mwisho ukisema tu kwamba kazi imeshindikana. Fundi mchanga huuchukua mstari huo wa mwisho na kwenda kuutafutia dawa kwenye intaneti. Fundi aliyekomaa hupanda juu hadi kwenye kosa la kwanza, maana mengine mengi ni watoto wa hilo. Huko atakuta, kwa mfano, kwamba faili liitwalo zlib.h halikuonekana. Hapo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu zlib yenyewe wanaiona ipo kwenye kompyuta. Katika Debian na Ubuntu, maktaba ya aina hiyo huja kwa mafungu mawili. La kwanza hutumiwa na programu iliyokwisha kuundwa. La pili, ambalo jina lake huishia na herufi dev, lina maelezo anayoyahitaji yule anayeunda. Ni tofauti ya kuwa na chapati mezani na kuwa na unga jikoni.

Lipo kosa jingine linalowachosha wafungashaji kuliko hilo, nalo huanza na maneno haya: "Kwangu inafanya kazi." Mwandishi wa programu amekaa na kompyuta yake miaka mitano, amesakinisha hiki na kile, na amesahau nusu yake. Programu inapoundwa kwake inavipata vyote hivyo kimyakimya. Ikienda kwa mwingine inakwama. Dawa ya Debian ni kuunda kifurushi ndani ya mfumo mtupu, wenye vitu vya msingi tu pamoja na vile vilivyotajwa kwenye tamko. Ni sawa na kumpeleka mpishi kwenye jiko la ugenini akiwa na kile tu alichokiandika kwenye orodha ya sokoni. Mara nyingi kinachokosekana ni chumvi, kwa sababu kila jiko linayo na hakuna anayekumbuka kuiandika.

Machi 2016 dunia ya kompyuta iliona ukosefu wa chumvi ulivyo. Mwandishi mmoja wa programu, kwa sababu ya mzozo wa jina, aliondoa vifurushi vyake kwenye ghala la npm linalotumiwa na watengenezaji wa tovuti. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Programu nyingi kubwa zilikuwa zikikitegemea kupitia vifurushi vingine ambavyo wenyewe walivitegemea, na kwa saa kadhaa zikagoma kuundwa, hadi ghala lilipokirudisha. Wengi wa walioathirika hawakuwahi kusikia jina la left-pad hadi siku hiyo.

Upande wa kusakinisha, matatizo ya Afrika Mashariki yana sura yake. La kwanza ni umeme. Ukikatika katikati ya kazi, kifurushi hubaki nusu kimewekwa, na kompyuta inapowaka tena mfumo hukataa kupokea chochote kingine hadi kiporo kile kimalizwe. Kwenye Debian na Ubuntu, ujumbe wa kosa wenyewe unataja amri ya kuandika: dpkg --configure -a. Jibu liko ndani ya swali. Hata hivyo wapo mafundi wanaoona maandishi hayo na kuamua kufuta kompyuta nzima waanze upya, na kwa mwenye duka hilo linaweza kumaanisha kupotea kwa mauzo ya miezi. Mwenye kompyuta hahitaji kujua amri hiyo. Anahitaji nakala ya hesabu zake kwenye flashi kabla fundi hajagusa kitu, na ujasiri wa kuuliza: ujumbe unasemaje?

La pili ni saa. Kompyuta nyingi za madukani zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Ndani yake mna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayotunza tarehe mashine inapozimwa. Betri hiyo ikifa, kila asubuhi kompyuta inaamka ikiamini kwamba ni miaka mingi iliyopita. Ikienda kwenye ghala la programu kuchukua kifurushi, inakikataa kwa hoja kwamba hati zake bado hazijaanza kutumika, kama ofisa anayeshika kibali cha mwaka huu huku kalenda yake ukutani ikisoma mwaka 2010. Fundi hulaumu mtandao wa simu, hubadilisha laini, hununua bando jingine. Kumbe ni betri.

La tatu ni la tabia. Vifurushi viwili vinapodai kumiliki faili moja, mfumo hukataa cha pili, kwa sababu kila faili lina mwenyewe mmoja. Ipo njia ya kulazimisha, na mafundi wenye haraka huipenda. Kulazimisha huko ni kutoa kitu kidogo getini. Leo lori linapita. Siku kifurushi kimoja kitakapoondolewa, kinaweza kuondoka na faili ambalo kingine kinalitegemea, na programu ya hesabu itazimika bila mtu kukumbuka ilikuwaje.

Katika makosa yote hayo kompyuta angalau inalalamika. Wafungashaji wanayajua, wana zana za kuyakamata, na kila siku wanayarekebisha. Suala la xz lilikuwa la namna nyingine, kwa sababu mtu aliyelipanga aliijua kazi ya ufungashaji vizuri kuliko wafungashaji wengi.

Mgeni na mgeni wake

Kwa miaka mingi xz ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland. Hakuwa akilipwa. Mwaka 2021 mtu anayejiita Jia Tan alianza kuleta marekebisho, na yalikuwa mazuri. Mwaka uliofuata watu wengine wasiojulikana walianza kumlalamikia Collin hadharani kwamba kazi inakwenda polepole na kwamba amwachie mwingine nafasi. Collin aliwajibu kwamba hiyo ni kazi ya hiari isiyo na malipo. Lakini alikuwa amechoka, na msaidizi mwenye bidii alikuwa papo hapo. Taratibu Jia Tan akakabidhiwa funguo, hadi akawa ndiye anayetoa matoleo mapya.

Februari 24, 2024 likatoka toleo la 5.6.0.

Hapa ndipo penye ufundi. Maandishi ya xz yalikuwa wazi kwenye hazina ya pamoja ambako kila badiliko linaonekana na mtu yeyote. Lakini wafungashaji kwa kawaida hawachukui maandishi kutoka kwenye hazina. Huchukua fungu ambalo mwandishi amelitayarisha na kulitia sahihi. Ndani ya fungu la 5.6.0 mlikuwa na hati moja ya maelekezo ya kuundia ambayo haikuwamo kwenye hazina ikiwa na maneno yale. Aliyekagua hazina hakuona ubaya. Aliyepokea fungu alidhani ni kitu kilekile.

Programu inapoundwa, hati hiyo ilikwenda kufungua mafaili mawili ya majaribio yaliyokuwamo humo. Moja lilitajwa kuwa limeharibika makusudi, ili kuipima xz itafanya nini ikikutana na faili bovu. Nani hukagua sanduku lililoandikwa nyanya zilizooza? Humo ndimo sumu ilimokuwa. Na hata hapo haikufanya papara. Kwanza iliangalia kama mashine ni ya Linux ya aina inayotumiwa na seva nyingi. Kisha iliangalia kama kinachoundwa ni kifurushi cha familia ya Debian au cha familia ya Fedora. Kama sivyo, ilinyamaza. Mtu aliyejiundia xz nyumbani kwa majaribio asingeona lolote. Sumu ilikuwa ikimngoja mfungashaji.

Shabaha yake ilikuwa mlango ambao wasimamizi wa seva huutumia kuingia kwa mbali, unaoitwa ssh. Cha ajabu ni kwamba ssh haina haja na xz. Lakini wafungashaji wa Debian na wa Fedora walikuwa wameiongezea kiraka kidogo ili iweze kutoa taarifa kwa mfumo unaosimamia huduma nyingine zote za kompyuta, na maktaba iliyoletwa kwa kazi hiyo ilikuja na xz nyuma yake. Mgeni alialikwa, akaja na mgeni wake. Kwa njia hiyo, mwenye ufunguo wa siri angeweza kuamuru chochote kwenye seva ya mtu yeyote iliyo na kifurushi hicho: seva ya benki, ya kampuni ya meli, ya soko la mtandaoni.

Dalili zilikuwapo. Zana ya kupima programu iitwayo Valgrind ilianza kutoa maonyo baada ya 5.6.0 kuingia. Wafungashaji wa Fedora waliyaona na kuyafuatilia, wakishirikiana na Jia Tan mwenyewe, aliyewasaidia kwa upole wote. Machi 9 likatoka 5.6.1, na maonyo yakapungua. Kilichotibiwa hapo kilikuwa kelele ya ugonjwa, na daktari ndiye aliyeuleta.

Freund hakuwa akitafuta magendo. Alikuwa akipima kasi ya PostgreSQL, programu huria ya kuhifadhi kumbukumbu, kwenye mashine ya Debian ya majaribio, na alitaka mashine itulie ili vipimo vyake viwe sahihi. Akaona ssh inatumia nguvu nyingi kuliko kawaida, hata kwa watu wanaojaribu kuingia kwa majina yasiyokuwapo. Akapima. Zamani kuingia kulichukua kama sekunde 0.3, sasa kulichukua sekunde 0.8. Nusu sekunde. Wengi wangenunua mashine yenye nguvu zaidi, au wangesema mtandao uko chini. Yeye akakumbuka onyo la Valgrind aliloliona wiki chache nyuma baada ya kusasisha vifurushi, akaviunganisha viwili hivyo, akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua. Mwanzoni alidhani kifurushi cha Debian ndicho kilichochezewa. Akaendelea kupanda hadi akafika kwenye chanzo: fungu lilikuja hivyo kutoka kiwandani.

Kilichookoa wengi ni mwendo wa taratibu wa wafungashaji. Debian haipeleki toleo jipya moja kwa moja kwa watumiaji wote. Hulipitisha kwanza kwenye ngazi za majaribio, wakati mwingine kwa muda mrefu unaowaudhi wapenda vitu vipya. Sumu ilikuwa imefika kwenye ngazi hizo, na kwenye matoleo ya Fedora na openSUSE yanayopokea vitu vipya mapema, ila haikuwa imefika kwenye Debian ya kawaida inayoendesha seva za watu. Siku moja tu kabla ya ujumbe wa Freund, ombi la Jia Tan la kutaka 5.6.1 iingizwe Ubuntu lilikuwa limewasilishwa. Ubuntu iliyokuwa ikiandaliwa wakati huo, 24.04, ni ya kutunzwa kwa miaka mitano.

Makarani wa usalama walilipa tatizo hilo alama 10 kati ya 10. Ubuntu iliahirisha toleo lake la majaribio kwa wiki moja na kuunda upya, katika mazingira safi, vifurushi vyote vya toleo hilo vilivyokuwa vimeundwa baada ya xz yenye sumu kuingia. Toleo kamili lilitoka Aprili 25 kama lilivyopangwa. Katika Debian umekuwapo kwa miaka mingi mpango wa watu tofauti kuunda kifurushi kilekile na kulinganisha matokeo herufi kwa herufi, ili kuhakikisha kwamba hakuna aliyechomeka kitu njiani. Ni mpango mzuri, lakini katika suala hili peke yake usingetosha: wote wangeunda kutoka kwenye fungu lilelile bovu na kupata matokeo yaleyale. Kilichokosekana kilikuwa kazi ya karani wa kawaida, kuweka fungu na hazina kando kwa kando na kuuliza kwa nini karatasi hii ina ukurasa wa ziada.

Jia Tan ni nani, au ni kina nani, hakuna aliyethibitisha hadharani. Lasse Collin alirudi kwenye kazi yake, na mwishoni mwa Mei 2024 akatoa toleo safi la 5.6.2.

Kabla ya hapo wafungashaji wa Debian walikuwa na tatizo dogo la kiofisi. Walitaka kurudisha xz ya zamani, 5.4.5, kwenye kompyuta zilizokwisha kupokea 5.6.1, lakini mfumo wa vifurushi hupokea namba inayopanda tu. Ukiletewa ndogo unaiona imepitwa na wakati na kuiacha. Kwa hiyo waliifungasha ile ya zamani, wakaiandikia lebo ya 5.6.1+really5.4.5. Neno hilo la katikati ni Kiingereza, maana yake "kwa kweli".